Watu Sikuwahesabu

Mdogo wangu wa kiume ana tabia ambayo mke wake ameizoea na mimi bado. Akifika kwangu Kolwezi kutoka Lubumbashi, kabla hajanawa vumbi la barabara, kabla hajauliza watoto wako wapi, anatoa simu na kutazama ametajwa mara ngapi.

Si kutajwa na majirani. Mdogo wangu ni mtafiti wa kinga ya mwili. Kazi yake ni kuchunguza askari wanaokaa ndani ya damu, wale wanaopambana na magonjwa, na hasa kuangalia vumbi la madini linawafanya nini: linawaamsha, linawalaza, au linawachanganya mpaka wapigane wenyewe kwa wenyewe. Akishaona kitu anaandika makala, makala inachapishwa ng’ambo, na mtaalamu mwingine akiitumia lazima aseme ameitoa wapi. Huko ndiko kutajwa. Yuko mtu mahali fulani, au mashine, anayehesabu yote hayo, na hesabu inaonekana kwenye simu.

“Yaya, angalia,” aliniambia mimi dada yake mkubwa siku moja, bado begi liko begani. “Jana ilikuwa mia mbili na kumi na moja. Leo mia mbili na kumi na ine.”

“Batu batatu?”

“Batatu kwa siku moja!”

“Mi jana batu makumi mbili balitaja jina yangu hapa sokoni, na nusu yao balikuwa banatukana. Hizo unahesabu namna gani?”

“Hata ya kutukana inahesabika, yaya. Mutu akisema umekosea, ni lazima akutaje.”

Niliona hiyo ni biashara nzuri kuliko yangu.

Mimi nauza mifuko mitupu. Mifuko ya nailoni, ile wachimbaji wanayotilia mawe ya shaba na kobalti. Inafika kutoka kwa wauzaji wa jumla ikiwa imefungwa mafungu, kila fungu limeandikwa mia, na hiyo mia ni matumaini ya mtu aliyefunga. Nimekuta tisini na nane. Nimekuta tisini na tano na kipande cha boksi katikati ili fungu linenepe. Kwa hiyo nahesabu kila kitu mara mbili, mara ya kwanza kwa mkono wa kulia, mara ya pili nikianzia upande mwingine. Mume wangu anasema hata wageni wa arusi yetu niliwahesabu mara mbili. Ni kweli, na wanne walikuwa hawajaalikwa.

Basi nikamnyang’anya simu, nikahesabu. “Hii anayekutaja ni wewe mwenyewe.”

“Ni kawaida, yaya. Makala mpya inataja ya zamani.”

“Na hii?”

“Hiyo pia.”

“Mama wa samaki pale naye anasema samaki yake ni muzuri. Mi simuhesabu kati ya wanunuzi.”

Alinifundisha pia ile namba nyingine, wanayoipenda kuliko zote. Unapanga makala zako kuanzia inayotajwa sana mpaka inayotajwa kidogo, unateremka ukihesabu moja, mbili, tatu, na unasimama pale ambapo hesabu yako inataka kupita idadi ya kutajwa. Yeye alisimama kwenye nane. Nilielewa mara moja, akashangaa, kwani wanafunzi wake inawachukua wiki. Nikamwambia wanafunzi wake hawauzi mifuko.

Nacheka, lakini tulijua wote kwamba si mchezo. Babu yetu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, baba yetu akafanya kazi mgodini, na huyu ndiye wa kwanza kushika kalamu bila kuandika zamu za watu. Chuoni alikuwa ameshaitwa profesa, lakini profesa mshiriki, profesa wa mlangoni. Ili aingie ndani na kukaa, tume ya chuo ilipaswa kupokea dosie yake, lile faili la kazi zake zote, kuhesabu makala, kuhesabu kutajwa, na kupiga kura. Tume haikai mara nyingi. Tuliishi miaka tukiingojea kama watu wanavyongojea treni ya Lubudi, bila kuisema kwa sauti ili isichelewe zaidi.

Hatimaye ikatangazwa: dosie zipokewe Jumatatu. Ijumaa mdogo wangu akaniletea yake. Kutoka kwangu angerudi nyuma mpaka Fungurume kwa wakwe zake, aje tena Jumapili, na alitaka nihesabu ile orodha kabla haijafungwa. Makala kumi na tisa. Nikahesabu kutoka juu, nikahesabu kutoka chini, kumi na tisa. Ya kwanza kabisa, yenye zaidi ya nusu ya kutajwa kwake kote, ilikuwa makala ya Mashamba, mgodi wa hapa kwetu.

Hiyo naijua. Nimo ndani yake, ingawa haikuandikwa mahali popote.

Miaka ile alikuja na wanafunzi wake wawili na sanduku la barafu, akitaka damu ya wachimbaji wanaofanya kazi karibu na mashimo ya Mashamba. Siku tatu alikaa juani, hakupata hata tone. Ungefikiria nini wewe? Mtu amevaa koti jeupe, ana sindano, ana karatasi za kusaini, anasema hatoki serikalini, hatoki kampuni, anataka damu yako tu, na hakupi kitu. Wachimbaji walimzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

“Leta meza yako hapa kwangu,” nikamwambia. “Kila mutu atakayetoa damu, mupe kipande cha sabuni.”

“Haturuhusiwi kununua damu, yaya.”

“Nani alisema kununua? Mutu ametoka mu shimo, eko mwekundu kutoka kichwa mpaka miguu. Sabuni haiko bei. Ni pole.”

Aliwaandikia wakubwa wake wa maadili ya utafiti, wakubwa wakajadili sabuni, na jibu likaja kwamba kipande kimoja kwa mtu mmoja ni shukrani inayokubalika. Meza ikawekwa pembeni ya mifuko yangu. Mtu anaonyesha karte yake, ile kadi ya ushirika wa wachimbaji, mwanafunzi anaandika namba ya karte, sindano inaingia, kichupa kinajaa, sabuni inatoka. Jioni ya mwisho nilihesabu sabuni zilizotoka, nikahesabu vichupa vilivyojaa. Mara mbili, kama kawaida. Zikalingana, hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua. Nikafunga kifuniko cha sanduku kwa mikono yangu mwenyewe, na nakumbuka nilijisifu kwa mume wangu.

Kutoka kwenye vichupa vile mdogo wangu alitoa mambo mawili. La kwanza lilihusu vumbi na wale askari wa damu, ambalo ndilo alilolifuata. La pili lilimjia bila kutafutwa. Aliona kwamba kati ya vile vichupa, vingine vilifanana sana, viwili viwili, na vile vinavyofanana vilitoka kwa watu wa timu moja. Akaandika aya nzuri sana, alinisomea kwa Kifaransa na kunitafsiria, kwamba watu wanaopumua hewa moja, wanaokunywa maji mamoja na kubeba mzigo mmoja, huenda hata miili yao inaanza kujilinda kwa namna moja. Alivipenda vichupa vile. Aliviita mapacha wake. Na ilikuwa aya hiyo, kuliko kitu kingine chochote alichoandika, ambayo watu wa ng’ambo walikuwa wanaitaja.

Sasa Jumamosi. Nimekaa kwenye mifuko yangu, dosie iko nyumbani juu ya kabati, anakuja mteja wangu wa siku nyingi, mchimbaji wa Mashamba, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuwa nyeupe zikiwa safi, nyekundu siku nyingine zote. Anataka mifuko sita.

“Mama, na mudogo yako, ule wa damu, eko wapi?”

“Eko. Sasa banataka kumufanya profesa mukubwa.”

“Ah bon? Wetu ule?” Akafurahi kweli. “Basi na mi nilisaidia. Nilisaidia mara mbili.”

Nilikuwa nafunga kamba. “Mara mbili namna gani?”

“Mukono wa kushoto ilikuwa yangu mi. Kesho yake nikatoa ya kuume, ya rafiki yangu. Anaogopa sindano, ule, anaweza kuanguka.”

“Na karte?”

“Si nilikuwa na karte yake.”

“Na sabuni?”

“Nilimupelekea!” Akaniangalia kama nimemtukana. “Mi haiko mwizi, mama.”

Hakuwa mwizi. Nilijua kabisa anasema nini, na nilipaswa kulijua tangu mwanzo. Wachimbaji wa timu moja wanasimamiana. Mmoja yuko chini shimoni, mwenzake anakwenda na karte yake kwenye mizani. Mmoja ni mgonjwa, mwenzake anapanga foleni kwa niaba yake, anajibu jina lake likiitwa, anapokea kilicho chake na kukifikisha kizima. Hakuna anayeuita huo uongo. Ndiyo uaminifu wenyewe. Karte ikiwepo, mtu yupo. Mimi mwenyewe nimeuzia karte za watu nisiowahi kuwaona.

Nikamwachia jirani mifuko yangu, nikapanda pikipiki mpaka kwa kiongozi wa timu yao. Viongozi hao wanaitwa PDG, kama wakurugenzi wa kampuni. Ofisi ya huyu ni ndoo iliyopinduliwa.

“Tata PDG, wakati wa sabuni, batu ngapi balisimamiwa na benzao?”

“Hakuna.”

“Sabuni hairudishwe.”

Akafikiri. “Babili.”

“Nani anauliza sabuni ya miaka ile? Ilikwisha mu mugongo zamani. Mi nataka hesabu tu.”

“Basi bane. Na usimwambie mutu.”

Nikaacha kuuliza nani alisimamiwa. Nikaanza na jina la mwisho la timu nikipanda, nikauliza jambo moja tu: huyu anaogopa sindano? Tulipofika juu tulikuwa na saba. Nikarudi kwa kushuka. Saba. Wanaume wanaoteremka ardhini kwa kamba mpaka jua likawa kama sarafu, na saba kati yao hawawezi kutazama sindano.

Nilikaa na ile saba usiku mzima na nusu ya Jumapili. Sitajifanya malaika. Nilijua njia ya kunyamaza, sokoni tunaijua. Nimewahi kuuza fungu ambalo sikulihesabu. Fungu ninalojua limepungua, bila kumwambia mnunuzi, hilo sijauza, na nilikasirika kwamba tofauti hiyo ilinijia kichwani, maana bila hiyo dosie ingefungwa na mdogo wangu angekuwa profesa.

Alirudi kutoka Fungurume mchana, ameshiba, ana kuku hai wa wakwe. Tulikuwa tumeweka bukari, ugali wetu, mezani. Nilimwacha ale kwanza. Halafu nikamwambia yote, kuanzia mkono wa kuume.

Akafungua kompyuta yake pale pale kati ya sahani. Majina ya watu hakuwa nayo, namba tu, lakini mapacha wake aliwajua kwa moyo. Akawatoa jozi kwa jozi. Kila pacha na mwenzake, karte mbili, siku mbili zinazofuatana.

“Saba,” akasema.

“Nilihesabu mara mbili.”

“Yaya, ile aya.”

“Najua.”

“Ile njo batu banataja. Ile ingine yote, ya vumbi, banapita tu. Banataja mapacha.”

“Banataja mutu mumoja na mikono yake mibili,” nikasema, na nikatamani kulirudisha neno lile mdomoni. Lakini aliinua kichwa, akanitazama, akacheka mpaka yule kuku akapiga kelele chini ya meza. Halafu akaacha kucheka.

“Dosie inapokelewa kesho,” akasema. “Naweza kuipeleka kama ilivyo. Kisha naandikia jarida. Nangojea wiki mbili tu.”

“Unaweza.”

“Haiko uongo. Kesho mi bado sijahakikisha.”

“Ndiyo.”

“Mwezi moja, tuseme.”

Mnunuzi akianza kupandisha bei mwenyewe, muuzaji anakunja mikono na kutazama barabara. Nikatazama barabara. Akaendelea kujadiliana, mara yeye muuzaji, mara yeye mnunuzi, na kila alichojitolea akakikataa mwenyewe. Mwishoni akauliza, kwa sauti ya yule mtoto niliyekuwa namvusha reli kwenda shule, “Wewe ungefanya nini?”

“Mi? Mi nilihesabu sabuni, nikahesabu bichupa. Batu sikuhesabu. Kosa ni yangu.”

“Hapana, yaya. Mi njo niliandika.”

“Meza ilikuwa yangu.”

“Jina mu makala ni yangu!”

Tukabishana hivyo, kila mmoja akivuta fungu kubwa upande wake. Maisha yangu yote sijawahi kupigania sehemu kubwa ya kitu kibaya. Tuligawana nusu kwa nusu, ila barua angesaini yeye, kwa kuwa mimi hakuna jarida linalonijua.

Aliandika mchana ule ule, barua ya kurasa mbili kwa jarida, na karatasi moja ya kuweka juu ya dosie, juu kabisa, kabla ya picha yake. Ilisema: makala ya kwanza katika orodha ina kosa, kosa ni hili, nimelitangaza, hesabu mpya inafuata. Alipoondoka Jumatatu alfajiri nilimfungia dosie kwa kamba ya mifuko, fundo langu la safari ndefu.

Hesabu mpya ilipokuja, jambo la vumbi lilisimama. Lilikonda kidogo, akasema, kama mtu aliyetoka hospitali, lakini kwa miguu yake. Mapacha walikufa, jozi zote saba.

Na tume? Tume ikaiahirisha dosie yake mpaka kikao kingine. Rafiki yake mmoja wa chuoni alimweleza kilichotokea. Dosie nyingine zote zilihesabiwa, moja, mbili, tatu, kura, chai. Ya kwake, kwa sababu ya karatasi ile, haikuwezekana kuihesabu. Ilibidi isomwe. Na hakuna aliyekuwa amejitayarisha kusoma.

Miezi iliyofuata alikuwa mpole kupita kiasi. Alisema hatazami simu tena. Mke wake aliniambia anaitazamia chooni. Siku moja akanipigia, sauti ya mtu asiyejua acheke au aombe radhi.

“Yaya, inapanda.”

“Nini?”

“Kutajwa. Banataja sahihisho. Batu benye kutafuta damu mu migodi ya inchi zingine, sasa banaandika: angalieni kama batu banasimamiana, soma fulani.”

“Si ulisema hata ya kutukana inahesabika?”

“Banatukana kwa heshima.”

Aliniletea sahihisho lile likiwa limechapwa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliwashukuru wachimbaji, na baada yao mfanyabiashara mmoja wa mifuko mjini Kolwezi, aliyehesabu upya. Nikamuuliza kama na hiyo inaingia kwenye simu.

“Hapana, yaya. Shukrani hazihesabiwe.”

“Basi mulinilipa sabuni.”

Kikao cha pili kilipokaa sikufungua biashara. Nilijiambia ni kwa sababu ya mvua. Simu ikalia mchana.

“Imepita.”

“Soma.”

Akasoma barua yote, Kifaransa kirefu, vifungu, mihuri, mpaka jina lake na neno profesa bila mshiriki nyuma yake.

“Soma tena,” nikamwambia, na akaisoma tena, polepole, na sote wawili hatukusema kwa nini.

Kesho yake yule mteja wangu mwenye ndevu akaja kuchukua mifuko. Nikampa habari. Akashika kichwa, akampigia makofi mtu asiyekuwepo, akawaambia majirani zangu wote kwamba mikono yake yeye mchimbaji, yote miwili, ndiyo iliyomchelewesha profesa wa Lubumbashi na ndiyo iliyomfikisha. Kisha akainama kwangu.

“Sasa, mama. Profesa muzima. Hata kipande ya sabuni haiko?”

Nilikuwa nimeshaziweka tayari, mbili, zimefungwa kila moja peke yake. Nikampa moja.

“Na ile ingine?”

“Ile ni ya rafiki yako. Akuje kuitwaa yeye mwenyewe. Nataka kumuona, mutu muzima, na macho yake.”

“Ni haki,” akasema, akaafiki kwa kichwa kwa heshima yote. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatafuta kidogo, na kuweka juu ya mifuko yangu karte iliyokunjamana.

“Njo yeye huyu,” akasema.